Figo za Wazee Wetu: Kilichomo Sufuriani na Kilichomo Chupani

Maandishi ya mazungumzo ya kipindi cha afya. Yasomwe peke yako au katika kikundi cha kusikiliza.

[Muziki wa kipindi. Unashushwa taratibu.]

  

Baba zangu na mama zangu, leo mazungumzo ni yenu. Na wewe kijana unayemsomea bibi au babu asiyeona vizuri, msomee polepole, maana na wewe yanakuhusu. Ugonjwa tutakaouzungumzia huanza kimya kimya miaka mingi kabla ya mvi.

Tunaulizwa swali hili mara kwa mara: "Tumesikia manjano inasafisha figo. Tumesikia tangawizi na kitunguu saumu vinasafisha figo. Je, ni kweli? Na ile dawa ya unga inayouzwa kwenye basi, ninunue?" Ni swali zuri, na nyuma yake kuna hofu ya kweli. Figo zikishindwa kabisa, mtu huhitaji mashine ya kusafisha damu mara mbili au tatu kwa wiki, kila mara kwa muda wa saa nne hivi. Kitengo kikubwa cha umma cha kazi hiyo kiko hapa Kampala, katika Hospitali ya Rufaa ya Kiruddu, upande wa Makindye. Fikiria mzee wa Nakivale: nauli, mahali pa kulala, mtu wa kumsindikiza, na vibali, kila wiki, mpaka mwisho wa maisha. Kwa mkimbizi, ugonjwa wa figo ni bora kuuzuia mlangoni kuliko kupambana nao ukiwa tayari umeketi ndani.

Kwa hiyo leo tutazungumza kuhusu jikoni. Tutasema viungo vinafanya nini, na havifanyi nini. Tutasema pia jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi: chakula kinacholinda figo nzima kinaweza kumdhuru mtu ambaye figo zake zimekwisha kuharibika.

[Muziki mfupi.]

Sehemu ya kwanza: Kazi ya figo

Figo ni mbili. Zimekaa nyuma, chini ya mbavu, moja kila upande wa uti wa mgongo, na kila moja ni kama ngumi ya mkono wako. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana, karibu milioni moja.

Unajua uzito wa jerikani la lita 20, maana umelibeba kutoka bombani. Basi, kwa siku moja figo zako huchuja maji ya damu kiasi cha lita 180. Hayo ni majerikani tisa. Karibu yote hurudishwa mwilini yakiwa safi, na uchafu hutoka na mkojo wa lita moja na nusu au mbili. Figo pia hupima chumvi mwilini, husaidia kutengeneza damu, huimarisha mifupa, na husaidia kushika presha isipande wala kushuka ovyo.

Mtu akishapita miaka 40 hivi, vichujio hivyo huanza kupungua kidogo kidogo. Huo si ugonjwa, ni umri, kama nywele zinavyobadilika. Wazee wengi hufa na figo zao zikifanya kazi vya kutosha. Taabu huja pale umri unapokutana na mambo mawili, presha na sukari. Presha ikiwa juu miaka mingi, hupiga vichujio kama maji ya bomba lenye nguvu yanavyopasua mpira. Sukari ikizidi kwenye damu, huharibu kuta za vichujio mpaka protini, ambayo mwili unaihitaji, ianze kuvuja kwenye mkojo.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha chakula chochote au kiungo chochote unachoambiwa kwamba kinalinda figo ni hiki: je, kinasaidia presha na sukari zisipande? Kama hakifanyi hivyo, jina zuri halitakusaidia.

Na maumivu ya mgongo je? Wazee wengi wakiumwa kiuno husema, "Ni figo." Mara nyingi si figo. Ni misuli, ni mifupa, ni jembe, ni jerikani. Ugonjwa wa figo unaokuja na umri kwa kawaida hauumi. Na kwa kuwa hauumi, watu hunywa dawa ya figo kwa sababu ya mgongo, huku presha yao haijapimwa mwaka mzima.

Sehemu ya pili: Anza na chumvi

Kabla sijataja kiungo hata kimoja, tuzungumze kuhusu chumvi, maana hapo ndipo faida kubwa ilipo.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema mtu mzima asile zaidi ya gramu 5 za chumvi kwa siku. Ni kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa juu, kwa chakula chote cha siku. Na mgao kamili wa chakula unapopangwa kwa wakimbizi, chumvi huhesabiwa gramu hizo hizo 5 kwa mtu.

Sasa fanya hesabu ya nyumbani kwako. Chukua pakiti ya chumvi ya nusu kilo. Mtu mmoja akila gramu 5 kwa siku, pakiti hiyo inapaswa kumtosha siku 100. Familia ya watu watano inapaswa kuitumia siku 20. Andika tarehe kwenye pakiti siku unapoifungua. Kama mko watano na pakiti imekwisha kwa siku 10, mnakula chumvi mara mbili ya kiasi kinachofaa, na hapo hatujahesabu chumvi iliyofichwa.

Chumvi iliyofichwa iko wapi? Iko kwenye vile vipande vya mchuzi, magi na wenzake: karibu nusu ya kipande, au zaidi, ni chumvi tupu. Mama anayetia chumvi kisha akaongeza magi ametia chumvi mara mbili. Iko kwenye makayabu na samaki wengine wa chumvi. Iko kwenye chipsi na chapati za barabarani, na kwenye karanga zilizotiwa chumvi.

Sisemi uache chumvi kabisa. Mwili unaihitaji, na chumvi ya pakiti ina madini ya joto yanayozuia tezi ya shingo. Nasema punguza. Ukipenda makayabu, yaloweke usiku kucha, umwage maji, uyaloweke tena, ndipo upike bila kuongeza chumvi. Posho iache bila chumvi, maana mchuzi unatosha. Na usiweke chumvi mezani.

Wiki ya kwanza chakula kitaonekana kimepooza. Vumilia. Ulimi hujifunza, na baada ya wiki chache chakula cha zamani utakiona kikali. Katika wiki hizo chache za kuvumilia, viungo ndivyo vitakavyokusaidia.

[Muziki mfupi.]

Sehemu ya tatu: Viungo, kimoja kimoja

Sikilizeni vizuri. Hakuna kiungo kinachosafisha figo. Figo hazioshwi kama sufuria, zenyewe ndizo zinazoosha. Hakuna kiungo kinachofufua kichujio kilichokufa. Lakini viungo vina kazi mbili za maana. Ya kwanza na kubwa: vinatia ladha, kwa hiyo unaweza kupunguza chumvi. Ya pili: baadhi yake husaidia presha kidogo.

Kitunguu saumu. Utafiti umeonyesha kwamba kinaweza kushusha presha ya mtu mwenye presha ya juu, lakini kidogo tu. Punje mbili tatu kwenye sufuria ni ladha nzuri kuliko magi. Ukiwa unatumia dawa za kufanya damu isigande, usile kwa wingi kama dawa. Mwulize mhudumu wa afya kwanza.

Tangawizi. Ni nzuri kwenye chai, kwenye maharage, kwenye samaki. Huchangamsha ulimi na hutuliza kichefuchefu. Lakini chai ya tangawizi yenye vijiko vinne vya sukari ni sukari iliyovaa kanzu ya dawa. Kunywa bila sukari, au kwa sukari kidogo sana.

Manjano, wengine mnaiita binzari. Kijiko kidogo kwenye chakula hakina ubaya, na kinapendeza. Ubaya uko kwenye kunywa vijiko vingi kila siku, au vidonge vyake vikali. Manjano ina oksaleti nyingi, kitu kinachoweza kujenga mawe kwenye figo. Yaani unga ulionunua kulinda figo, ukizidishwa, unaweza kuziumiza. Na kuna jambo lingine. Kule Bangladesh, watafiti walichapisha mwaka 2019 kwamba baadhi ya manjano ilitiwa rangi yenye risasi ili ing'ae zaidi. Risasi ni sumu ya ubongo na figo. Basi ukiweza, nunua mzizi mzima sokoni, ukaushe, utwange mwenyewe. Hata kwenye kivuli cha bustani yako, mzizi wa manjano hukua vizuri ukiwa na mvua.

Karkade. Ndugu zetu kutoka Sudan na Sudan Kusini wanaijua vizuri; wengine mnaiita rozela au choya. Ni maua mekundu yanayotiwa kwenye maji ya moto. Nchini Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwapima watu wazima 65 ambao presha yao ilikuwa imeanza kupanda. Waliokunywa vikombe vitatu kwa siku kwa wiki sita, namba ya juu ya presha yao ilishuka kwa wastani wa pointi 7 hivi. Ni faida ya kweli, lakini haifikii dawa. Anayetumia dawa za presha asiziache kwa sababu ya karkade, na amwambie mhudumu wake kwamba anakunywa. Na karkade pia, sukari yake iwe kidogo.

Limau, pilipili, vitunguu, majani ya dania, nyanya mbichi: hivi ndivyo vijeshi vyako vya kila siku. Limau likikamuliwa kwenye mboga dakika ya mwisho, ulimi hudhani kuna chumvi. Jaribu leo jioni.

Basi hii hapa sufuria ya maharage ya watu watano. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji hayo, chemsha kwa maji mapya mpaka yaive. Kaanga vitunguu viwili kwa mafuta kidogo, tia kitunguu saumu na tangawizi iliyotwangwa, kisha nyanya, kisha manjano nusu kijiko cha chai. Changanya na maharage. Chumvi itie mwisho kabisa, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kwa sufuria nzima. Hiyo ni gramu moja hivi kwa kila mtu. Ukiipua, kamua limau. Magi iache dukani.

Sehemu ya nne: Chakula chenyewe

Najua kinachosemwa huko nyumbani ninapotaja chakula bora. "Huyu wa Kampala anazungumza kuhusu matunda, na sisi mgao umepunguzwa." Ni kweli, mgao umepunguzwa mara nyingi, na wengine wameondolewa kabisa. Kwa hiyo sitataja chakula cha dukani chenye picha ya majani kwenye kopo. Nitataja kile ambacho wengi wenu mnaweza kukifikia.

Maharage na kunde ni rafiki wa figo nzima. Protini yake huelemea figo kidogo kuliko ya nyama nyingi, na nyuzinyuzi zake huzuia sukari isipande haraka. Anayekula posho na maharage, na mboga pembeni, bila chumvi nyingi, hajapungukiwa na mlo wa figo kwa sababu tu hana nyama.

Mboga za majani: dodo, ambayo Wakongomani mnaiita lengalenga, sombe, matembele, majani ya maboga, nakati. Hizi humea kwenye gunia moja lililojazwa udongo na samadi, nyuma ya nyumba, na kumwagiliwa maji yaliyooshea vyombo yasiyo na sabuni nyingi. Mwaka 1997 ulichapishwa utafiti mkubwa wa Marekani uitwao DASH. Uliwalisha watu mboga na matunda mengi, pamoja na maziwa yasiyo na mafuta mengi, na presha yao ikashuka katika wiki chache tu, bila dawa. Mboga na matunda mengi hivyo si lazima yatoke Marekani. Papai la jirani, embe la msimu, na dodo la kwenye gunia ni wa ukoo huo huo.

Dagaa, au mukene kama wanavyosema hapa Uganda, ni protini nzuri na bei yake ni nafuu. Waoshe vizuri, na usiwaongezee chumvi kabla hujaonja.

Sukari. Chupa moja ya soda ya mililita 300 ina sukari vijiko sita vya chai, au zaidi. Mgeni akija, tumezoea kumheshimu kwa soda. Tujifunze kumheshimu kwa maji yaliyokamuliwa limau.

Na maji yenyewe. Mzee hasikii kiu kama kijana. Anaweza kukauka bila kujua, hasa siku ya jua shambani au akiharisha, na figo zilizokauka huumia haraka. Mpe mzee maji safi hata kama hajaomba. Angalia mkojo: ukiwa wa njano nzito kama chai ya rangi, anywe zaidi. Lakini usimlazimishe mtu anayevimba miguu au mwenye ugonjwa wa moyo kunywa majerikani. Huyo kiasi chake hupangwa na daktari.

[Muziki mfupi.]

Sehemu ya tano: Kwa aliyekwisha kuambiwa figo zimeharibika

Kama wewe, au mzee wako, ameshapimwa na kuambiwa figo zake zimeshuka sana, sehemu hii ni yako.

Figo zilizochoka hushindwa kutoa potasiamu. Potasiamu ni madini yaliyomo kwenye vyakula vingi vizuri: ndizi, matoke, viazi, maharage, parachichi, nyanya, mboga za majani, maji ya matunda. Kwa mtu mwenye figo nzima, ni baraka, maana hushusha presha. Kwa mtu mwenye figo zilizoharibika sana, inaweza kujaa kwenye damu na kusimamisha moyo ghafla. Kwa hiyo usimpe mgonjwa wa figo juisi ya mboga na matunda kwa jina la kumsafisha. Usimpe "chumvi ya wagonjwa wa presha" inayouzwa madukani, maana mara nyingi hutengenezwa kwa potasiamu.

Ushauri wa jikoni kwa mgonjwa huyu ni huu: viazi na ndizi vimenywe, vikatwe vipande vidogo, vichemshwe kwa maji mengi, na maji hayo yamwagwe. Potasiamu nyingi huondoka na maji. Matoke yanayopikwa kwa mvuke ndani ya majani ya mgomba ni matamu, lakini potasiamu yake hubaki humo humo. Maji yaliyochemshia mboga yasinywewe.

Lakini nakuomba sana, usimnyime mzee chakula kwa hofu. Si kila mwenye shida ya figo anahitaji kuacha maharage na ndizi. Inategemea kipimo cha damu. Mwulize daktari: "Potasiamu yake ikoje? Ale nini, aache nini?" Mzee akikonda kwa kunyimwa chakula ambacho hakikuwa na madhara, tumemwongezea ugonjwa wa pili.

Sehemu ya sita: Vitu vinavyoua figo na havipo jikoni

Unaweza kupika vizuri mwaka mzima, na ukaharibu kazi yote kwa vitu vinne.

Kwanza, dawa za maumivu. Mzee akiumwa magoti huenda duka la dawa na kununua diklofenaki au ibuprofeni, leo na kesho na mwezi ujao. Dawa hizo hubana mishipa inayopeleka damu kwenye figo. Kwa mzee, kwa mwenye presha, kwa aliyekaukiwa maji, ni hatari zaidi. Parasetamoli, kwa kipimo sahihi, ni salama zaidi kwa figo. Ukienda dukani, sema wazi: "Nina umri huu, nina presha, nipe isiyodhuru figo."

Pili, dawa ya chupani na ya unga isiyojulikana kilichomo. Unamjua yule anayesimama kwenye basi la kutoka Kampala, anaanza na sala, kisha anatoa unga unaoponya figo, presha, sukari na kila kitu. Siwadharau waganga wetu, na mimea mingine ni dawa kweli. Lakini mmea unaweza kuwa sumu pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Brussels, Ubelgiji, wanawake zaidi ya 100 waliharibikiwa figo baada ya kumeza mitishamba ya kupunguza unene, kwa sababu ndani yake kulichanganywa mmea wa jamii ya Aristolochia. Ilikuwa mitishamba, na ilitolewa kliniki. Hapa Uganda, dawa zote, za mitishamba pia, zinasimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA. Dawa isiyo na jina la kilichomo, isiyo na mtengenezaji, isiyosajiliwa, iache ndani ya basi.

Tatu, mkorogo wa kujichubua. Baadhi ya krimu na sabuni za kung'arisha ngozi zina zebaki, na zebaki hupita kwenye ngozi mpaka kwenye figo. Jambo hili lilionekana hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha habari za wagonjwa waliovimba mwili kwa sababu ya figo kuvuja protini, na zaidi ya nusu yao walikuwa wakipaka krimu za namna hiyo. Mama, binti, ngozi uliyopewa inatosha.

Nne, tumbaku na waragi. Tumbaku hukaza mishipa ya damu, na ya figo nayo. Pombe kali hupandisha presha na kukausha mwili.

Sehemu ya saba: Kipimo

Ugonjwa wa figo mwanzoni hauna dalili. Miguu kuvimba, uso kuvimba asubuhi, mkojo wenye povu jingi lisiloisha, damu kwenye mkojo, uchovu na kuwashwa mwili: haya mara nyingi huja baadaye. Ukiyaona, usisubiri wiki. Lakini usikae ukiyangoja.

Kila mtu aliyepita miaka 40, na kila mwenye presha, sukari au virusi vya Ukimwi wa umri wowote, aombe mambo matatu kituoni: kupimwa presha, kupimwa sukari, na kupimwa mkojo kwa kile kijiti kinachoonyesha protini. Presha ikiwa 140 juu au 90 chini, ama zaidi, na ikarudia hivyo siku nyingine, inahitaji kushughulikiwa. Kijiti kikionyesha protini, omba kupimwa damu, kipimo kiitwacho kreatinini. Kama kituo chako hakina, omba barua ya rufaa. Katika vituo vya afya vya serikali, mkimbizi hutibiwa pamoja na mwenyeji. Usipojua pa kuanzia, mwulize VHT wa kijiji chako.

Ukipewa dawa za presha, zimeze hata siku unayojisikia mzima. Ndizo zinazokufanya ujisikie mzima. Zikikosekana kituoni, rudi uulize tena, usiazime za jirani.

Na kama mfukoni una hela kidogo tu, na upande mmoja kuna unga wa figo, upande mwingine kuna nauli ya boda kwenda kituoni kupima presha, panda boda. Unga hauwezi kukuambia namba yako.

Basi wapendwa, turudie kwa ufupi. Chumvi ipungue, pakiti iandikwe tarehe. Viungo viingie sufuriani kwa ajili ya ladha, visimezwe kwa vijiko kama dawa. Maharage, mboga na maji kwa mwenye figo nzima, na ushauri wa daktari kwa mwenye figo zilizoharibika. Diklofenaki, unga wa basini na mkorogo tukae navyo mbali. Na presha ipimwe.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Nyumbani kwako mko wangapi, na pakiti ya nusu kilo ya chumvi huchukua siku ngapi?
2. Ni chakula gani cha kwetu tunachoweza kukipika kwa limau na tangawizi, bila magi? Mama mmoja aeleze anavyofanya.
3. Katika kijiji chetu, ni mzee gani anayeishi peke yake na hajapimwa presha? Nani atamsindikiza, na siku gani?

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumza kuhusu kutunza miguu ya mgonjwa wa sukari. Mpaka wakati huo, kunyweni maji, na muwasalimie wazee.

[Muziki wa kufunga kipindi.]